Tufail Amekuja Mwenyewe

Haya sikusimuliwa na mtu. Niliyaona mimi Gulzar, mshona vitambaa vya viti vya magari, kwa macho haya haya ambayo daktari aliyapima akaniambia, "Mzee, wewe ungefaa urubani." Nilikuwa nimeketi kwenye cherehani yangu, hatua tisa kutoka kibanda cha Fundi Sharafat. Hatua tisa, nimezipima. Mtu akija kuwaambia vingine, mwulizeni kwanza yeye alikuwa ameketi wapi.

Jambo lenyewe lilianza na namba tu. Mashine ilisema mbili mahali ilipotakiwa kusema moja.

Sharafat alikuwa fundi wa funguo, lakini si wale wa kukaa kando ya njia na tupa mkononi. Yeye alikuwa wa funguo za siku hizi, zenye rimoti na chipu ndani. Umeipoteza rimoti, umeiangusha chooni, mbuzi kaitafuna, unampelekea gari. Anachomeka mashine yake chini ya usukani, analisahaulisha gari funguo zote za zamani, halafu analifundisha ufunguo mpya. Gari likishasahaulishwa, rimoti ya zamani hata ukiibonyeza mpaka dole likuvimbe, linakutazama tu kama jirani mliyenuniana.

Sasa kazi ya namna hiyo inamfaa mwizi kama inavyomfaa mwenye mali, ndiyo maana polisi waliwataka mafundi wa kichochoro chetu waweke daftari. Jina la mwenye gari, namba ya kitambulisho, namba ya gari, alama ya dole gumba, na mwisho kabisa swali moja: amekuja mwenyewe, au ametuma mtu? Akituma mtu, gari haliguswi. Sharafat alilifunga daftari lake kwa kitambaa cha kijani, akaliweka rafu ya juu, na kila mara kabla ya kuandika alisema bismillahi. Watu wakamwona mcha Mungu. Mimi nilimwona fundi mwenye mwandiko mbaya.

Alhamisi moja ya Novemba, mwezi ule Lahore inapomeza moshi wa mabua mpaka adhuhuri watu wanawasha taa, kikaja kigari cheupe cha Kijapani, magurudumu ya mbele yamening'inizwa nyuma ya gari la kuvuta magari mabovu. Akashuka Qaisar, ndevu zimepakwa hina, amejifunga shali mpya.

"Fundi, nimepoteza rimoti."

"Zote mbili?"

"Zote. Moja zamani, moja jana."

Sharafat akachungulia ndani. Kiti cha nyuma kilijaa makombo ya biskuti, na utepe wa nywele wa mtoto, na chupa ya maji yenye picha ya paka.

"Mashallah, una watoto wengi."

"Wa majirani hao."

Tulilijua gari lile, sote. Lilikuwa la marehemu Tufail, mdogo wake Qaisar, aliyekufa kwa ini, na wali wa arobaini yake tuliula sisi wenyewe, mimi sahani mbili. Mkewe Shagufta ndiye aliyebaki nalo. Kila asubuhi alipakia watoto saba wa shule katika gari la watu wanne, mchana akawarudisha, na kwa kazi hiyo alimlisha binti yake Mehak. Baba mkwe alikwisha kumwambia mbele za watu: siku utakayoshindwa kumlisha mjukuu wangu, mtoto anakuja kwetu, na wewe unarudi kwa kaka zako. Kwa hiyo gari lile halikuwa gari. Lilikuwa ndio umama wake.

Qaisar akatoa kitambulisho. Cha Tufail.

"Huyu kwenye picha ndiye wewe?" Sharafat akauliza.

"Nilikuwa mnene kidogo."

"Na hii pua?"

"Baridi, fundi. Baridi inakuza pua."

Sharafat akacheka. Qaisar akacheka. Hata mimi nilicheka, mzaha mzuri haujali uko wapi. Kilichopita kutoka shali ya Qaisar kwenda mfuko wa Sharafat sikukiona vizuri. Moshi ulikuwa mwingi.

Daftari likateremshwa, bismillahi ikasemwa, na Sharafat akaandika: Tufail mwana wa Rafiq. Kwenye lile swali la mwisho akaandika: amekuja mwenyewe. Qaisar akabonyeza dole lake kwenye wino, akalikandamiza mbele ya jina la nduguye aliyelala chini ya udongo ambao haujaota hata nyasi.

Mashine ikachomekwa. Sharafat akafuta funguo zote, gari likalia *tii*, likasahau. Akalifundisha rimoti mpya, moja tu, taa zikakonyeza. Kisha akasoma kioo cha mashine, akakunja uso.

"Nini?" Qaisar akauliza.

"Inasema funguo mbili."

"Umenitengenezea mbili? Haya, nipe na ya pili."

"Nimetengeneza moja."

Akafuta tena, akafundisha tena. Mbili. Mara ya tatu akalitumia lile neno ambalo mafundi huziambia mashine na wake zao huambiwa wasisikilize. Mbili.

"Mashine za siku hizi," akasema, akachomoa waya. Qaisar akaondoka na gari.

Kesho yake, Ijumaa, baada ya sala, akaja Shagufta kwa miguu. Kitambaa cha kichwa kimejaa vumbi, mkononi ameshika rimoti yake, anaibonyeza na kuiachia, anaibonyeza na kuiachia, hata hajui kama anabonyeza.

"Kaka Sharafat, kuna mtu ameleta gari langu hapa?"

"Gari gani, dada?"

"Unalijua. Ulibadilisha betri ya rimoti hii mwenyewe, Tufail akiwa hai. Jana nimetoka na maji ya kulioshea, nikakuta mahali pake pakavu."

"Sijaliona."

"Nimezunguka kwa mafundi wote. Umebaki wewe."

"Wallahi sijaliona."

Shagufta akainua pua, akanusa. "Mbona hapa pananuka kafuri?"

"Ni dawa ya kusafishia vyuma."

"Si dawa ya vyuma. Kafuri na marashi ya waridi." Sauti ikashuka. "Hivi ndivyo walivyomwoshea."

Akaondoka upesi, akiwa ameziba mdomo. Sharafat akanigeukia. "Gulzar, wewe unasikia harufu?" Nikamwambia mimi nina mafua. Sikuwa na mafua.

Kuanzia Jumamosi ikawa kila gari linaloingia, mashine inazidisha moja. Daktari wa meno alileta lake, rimoti tatu mkononi: mashine ikasema nne. Mwalimu wa chuo alikuwa na mbili: mashine ikasema tatu. Sharafat akaazima mashine ya fundi wa mtaa wa pili, na ile nayo, iliyokuwa kwao inahesabu sawasawa, ilipovuka kizingiti chake ikaanza kuzidisha moja.

"Labda gari lina ufunguo mwingine umeusahau nyumbani," akamwambia yule daktari.

"Ninaishi peke yangu," daktari akasema. "Nani anao huo wa nne?"

Jumapili zikaanza rimoti zenyewe. Mle katika kabati la kioo kulikuwa na makumi ya rimoti tupu, hazina betri, maganda tu yanayosubiri wateja. Kijitaa chekundu kikawaka kwenye ya kwanza. Kikazimika. Kikawaka kwenye ya pili. Kikasafiri hivyo safu nzima, taratibu, kama mtu anayepitisha kidole kwenye bidhaa akitafuta iliyo yake, kikafika mwisho wa kabati, kikasimama, kisha kikaanza upya.

"Umeona?" Sharafat akaninong'oneza, maana alikuwa amekimbilia kwangu na bisibisi mkononi.

"Nimeona."

"Ni nini?"

"Wewe ndiye fundi."

Jumatatu alipofungua daftari ili amwandike mteja, akalifunga haraka kama aliyefungua mlango wa bafu akakuta mtu. Mteja akaondoka, nikavuka, nikamwambia nionyeshe. Kila ukurasa ulioandikwa tangu Alhamisi, pembeni ya kila dole la wino palikuwa na dole jingine, la udongo mbichi, limeloa, lina vipande vidogo vya pamba vilivyogandia. Pamba mnaijua ni ya wapi.

Sasa Jumanne. Jumanne ndiyo siku ambayo hata mimi, ninayewaambia watu kwamba niliwahi kumpiga fisi kofi, sipendi kuisema. Ilikuwa saa sita mchana. Moshi ulikuwa umeshuka mpaka magotini, umeme umekatika, majenereta ya kichochoro yamezimika yote kwa pamoja, na ile kelele ambayo hatuisikii mpaka inyamaze ikanyamaza. Sharafat ameinama, taa ya betri kichwani, anachomelea kichipu kidogo kuliko punje ya ulezi. Mtu akaja akaketi kwenye benchi la wateja. Sharafat hakuinua kichwa, ukiinua kichwa unaharibu kazi. Aliona miguu tu, haina viatu, nyayo zina udongo, nguo nyeupe isiyoshonwa imeburura mpaka chini.

"Karibu, ndugu. Umepoteza zote, au moja?"

"Moja."

"Gari liko wapi?"

"Amelichukua kaka yangu."

Chuma cha moto kikatulia hewani. Mimi kutoka hatua tisa niliisikia sauti ile, na naapa haikutoka kwenye benchi. Ilitoka katika zile rimoti tupu kabatini, zote kwa pamoja, nyembamba, kama redio iliyofunikwa blanketi.

"Jina?" Sharafat akauliza, maana mdomo wa mtu mwenye hofu hufanya kazi yake ya kila siku.

"Tufail mwana wa Rafiq."

"Tufail... Tufail hawezi kuwa amekuja mwenyewe."

"Umeandika hivyo."

Na hapo ile harufu ya kafuri ikapanda, ikapita mbele ya kibanda, ikavuka kichochoro hatua zote tisa, ikaingia puani mwangu na kooni mpaka nikaionja ulimini, na sindano ya cherehani yangu, ambayo hakuna mguu uliokuwa juu ya kanyagio lake, ikaanza kushuka na kupanda yenyewe juu ya kitambaa kitupu kisicho na uzi, tak, tak, tak, polepole, huku kule ng'ambo taa ya kichwani mwa Sharafat ikipanda taratibu kutoka kwenye zile nyayo, ikapita magoti, ikapita kifua kilichofungwa vizuri kwa vifundo vitatu, ikafika mahali pa uso, na Sharafat akatoa mlio ambao sijawahi kuusikia kwa mwanamume mwenye ndevu.

Tulipomfikia benchi lilikuwa tupu. Limeloa. Naye alikuwa anasema neno moja tu: "Anangoja. Anangoja. Anangoja."

Jumatano wakamleta Pir Makhan Shah, shehe wa kusomea wenye majini. Huyu Pir ni mnene mpaka vitabu vyake vya dua hubebwa na mtu mwingine, lakini kwa majini hana mpinzani. Kabla hajaketi alimpa Sharafat rimoti ya gari lake.

"Kitufe cha buti hakifungui. Kwanza hiki, halafu jini."

"Pir, nakufa mimi!"

"Utakufa vipi kabla hujanitengenezea?"

Kitufe kikatengenezwa. Ndipo Pir akafunua daftari, akanusa ukurasa, akaweka kidole juu ya jina la Tufail, akakiondoa kama aliyegusa kikaango.

"Huyu si maiti," akasema, sasa sauti ya chini, mzaha umekwisha. "Maiti amelala, ana hesabu zake na malaika. Huyu ni karini wake. Kila mtu huzaliwa na jini lake la kutembea naye. Mtu akifa, karini hubaki hana wa kumfuata, anazurura. Wewe umelitwaa jina la bwana wake ukaliandika katika walio hai, ukasema bismillahi juu yake, ukaandika amekuja mwenyewe. Umemwita kwa maandishi. Kaja. Anataka ufunguo wake."

"Atoke vipi?"

"Njia ni nyepesi kuliko unavyodhani. Chukua kalamu, kata uongo, andika nani hasa aliyekuja. Kisha ukurasa huu mpe yule mwanamke."

Sharafat akatazama chini. "Polisi watanifungia kibanda. Na Qaisar atanivunja miguu. Hakuna njia nyingine?"

Pir akalifunga daftari. "Njia nyingine huwa ipo," akasema. "Mbuzi mweusi. Nyama yake warushiwe mwewe juu ya daraja la mto Ravi, asibaki nayo mtu hata kipande. Na ukurasa uchomwe, jina life. Jini litaondoka. Lakini dhuluma si jini, fundi. Dhuluma mimi siifukuzi."

"Jini liondoke," Sharafat akasema. "Hiyo nyingine nitaona mwenyewe."

Alhamisi asubuhi, mbuzi keshachinjwa, makaa yanakolezwa kwenye sufuria ya chuma mbele ya kibanda, akatokea Shagufta. Safari hii hakuja kuuliza.

"Kaka Sharafat, kesho wazee wa mtaa wanakaa. Qaisar anasema Tufail alimpa gari lile na ufunguo kwa mkono wake, kabla hajafa. Wazee wamesema nikileta ushahidi kwamba ufunguo ulitengenezwa baada ya mazishi, gari ni langu. Nisipoleta, ni lake." Akaonyesha rafu ya juu kwa kidole. "Nakuomba unifungulie daftari la Alhamisi iliyopita. Ukurasa mmoja tu. Sitamtaja mtu."

Ukurasa ulikuwa umekwisha kuchanwa. Sharafat alikuwa ameushika nyuma ya mgongo wake, na mimi niliuona, nilikuwa upande wa mgongo.

"Dada, daftari limeloa. Halisomeki."

"Nitalisoma hivyo hivyo."

"Dada, nenda nyumbani."

"Watoto saba wameshapata gari lingine. Chakula kimebaki cha siku nne. Mehak ameanza kukunja nguo zake mwenyewe, hajaambiwa na mtu." Akatutazama mmoja mmoja, Sharafat, Pir, mimi. "Hakuna hata mmoja aliyeona? Kichochoro kizima?"

Pir akajishughulisha na tasbihi. Mimi nilikuwa na uzi wa kutunga sindanoni, na uzi siku hiyo ulikuwa mgumu.

Alipopotea katika moshi, Pir akaanza kusoma. Alisoma kwa sauti nzito mpaka mabati yakatetemeka. Rimoti zote kabatini zikawaka nyekundu kwa mara moja, zikalia, si *tii* ya rimoti, bali kilio kirefu kama cha mtu anayevutwa mkono na hataki kwenda. Sharafat akatupa ukurasa kwenye makaa. Jina la Tufail likaungua kwanza, kisha dole la udongo likachemka na kukauka, na mwisho dole la wino la Qaisar, lile pekee ambalo lingesimama mbele ya wazee likasema kweli, likajikunja, likawa jivu. Upepo wa baridi ukatupita miguuni ukielekea barabarani. Kafuri ikakatika kama aliyefunga chupa.

Nitawaambia jambo ambalo sikumwambia Pir. Upepo ule ulipokuwa unapita haukunitisha. Ulinitia aibu. Katika kichochoro chetu chote, chenye misikiti miwili na mahaji wanane, aliyetoka mwenyewe kuja kudai haki ya yule mjane alikuwa jini, naye tukamchinjia mbuzi ili aondoke.

Mchana ule nyama ikarushwa darajani, mwewe wakaidaka hewani. Jioni daktari wa meno akaja tena. Rimoti tatu, mashine ikasema tatu. Sharafat akalia kwa furaha, akaagiza chai ya malai kwa kichochoro kizima. Niliinywa. Ilikuwa tamu.

Ijumaa wazee wakakaa, wakaamua kama walivyosema wataamua. Lakini Jumamosi alfajiri, sikilizeni, watoto wakiwa njiani na mabegi yao, moshi umetanda, zikaonekana taa mbili za manjano zikija polepole. Kigari cheupe. Kikasimama mbele ya mlango wa Shagufta, kikajifungua chenyewe, *tii*. Kwenye usukani hapakuwa na mtu. Shagufta akaingia, akaiweka ile rimoti yake ya zamani kifuani, akabonyeza, na gari likamtambua. Qaisar akawapa mafundi wengine watatu kazi, kila ufunguo ukakataa.

Nimeapa kwamba niliona yote, na niliyaona, isipokuwa hili la gari kurudi. Hili nimelitunga mimi. Nililitunga papo hapo siku Mehak alipopita kichochoroni ameshikwa mkono na babu yake, kifurushi cha nguo kichwani, akasimama mbele ya cherehani akaniuliza, "Mjomba Gulzar, gari la mama litarudi lini?" Nikamwambia hadithi hiyo mpaka kwenye ile *tii*, naye akacheka, babu akamvuta wakaenda. Shagufta yuko kwa kaka zake, Multan. Gari liko kwa Qaisar na linakwenda vizuri. Ndani limevikwa kitambaa chekundu, mishono miwili miwili kwa uzi mweupe, kazi ya siku moja na nusu, Qaisar aliniletea viti vyake Jumatano ile ile ya Pir, ili wazee walione kama lake la siku nyingi. Mpaka leo hakuna mshono uliofumuka.